Dirisha la Mnara wa Galambkő

Budapest, 2 Machi 1964

Dada Rozál,

kwa hiyo si kwamba nilikataa kukujibu pale kituoni, ni treni iliyonikatiza. Uliniuliza kama Ottó ananipenda mimi au analipenda kasri letu, nikafungua mdomo, na mlango ukafungwa. Sasa nakujibu kwa raha zangu, kwa kalamu mpya aliyoninunulia: anatupenda wote wawili, na mimi sioni wivu hata kidogo.

Wiki tatu, dada. Wiki tatu tangu ulipovua shela kichwani mwangu ukanifunga kitambaa cha wake za watu, na bado nikiamka asubuhi nalala kwanza bila kusogea ili nikumbuke vizuri kwamba ni kweli. Chumba chetu kiko ghorofa ya nne, jiko tunatumia pamoja na mama mjane mwenye paka wawili, na tramu ikipita vikombe hugongana kabatini. Mimi naona ni muziki. Ottó hunitengenezea kahawa, huniletea kitandani, hukaa pembeni na kunitazama nikinywa kana kwamba mimi ndiye niliyeivumbua kahawa.

Jioni hunisimulia Galambkő. Hebu fikiria, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ya lango, niliyecheza kombolela ndani ya handaki, ndiye ninayesimuliwa. Lakini akisimulia yeye naona nilikuwa kipofu. Anasema mnara ulikuja kwanza, baada ya Watatari kuchoma nchi nzima na mfalme kuamuru watu wajenge kwa mawe. Kisha zikaja kuta nene za pembeni za wakati wa Waturuki. Kisha wakati amani iliporudi watu wakataka madirisha mapana, ukumbi wa kuchezea dansi, na wale malaika wanene wa plasta ambao wewe unapika chini yao kila siku. Anafungua vijidirisha vidogo kwenye lipu, ukubwa wa kitabu, anakwangua tabaka baada ya tabaka: nyeupe, njano, buluu ya yule mke wa mwenye kasri wa saba. Tabaka kumi na moja alizihesabu kwenye ukuta mmoja. Ukikumbuka, ndivyo tulivyoanza mimi na yeye. Alinishikisha ncha ya tepu, akaenda na ncha ya pili mpaka mwisho wa ukumbi, akasahau kupima.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Siku ya tatu baada ya harusi nilimwambia siri ya dirisha. Nilikuwa na hofu, kwa sababu lile dirisha la mnara ndilo alilolifukua Novemba, ndilo aliloliandika kuwa la miaka mia sita, na ndilo litakalompa shahada yake ya udaktari wa majengo ya kale. Nikamwambia, "Ottó, lile dirisha lako, babu Ignác ndiye aliyelichanganyia chokaa. Alikuwa na miaka kumi na saba." Alianza kucheka kabla sijamaliza. Akanikumbatia, akasema, "Basi nitaandika hivyo hivyo, na jina la babu yako nitaliweka." Unaona mume niliyepata? Mwingine angenuna.

Mwambie babu aipige pasi suti nyeusi, ataitwa na wakubwa.

Nimejaza daftari zima kwa sahihi yangu mpya. Jina langu lote limeingia ndani ya jina lake kama kijiko ndani ya asali. Nimeipa mkia mrefu chini, unazunguka na kurudi. Karani wa posta alisema ni sahihi ya waziri. Tazama:

Verebes Ottóné
(yaani mke wa Verebes Ottó, Lenke wako)


Galambkő, 11 Machi 1964

Mdogo wangu Lenke,

barua yako ilikuwa tamu mpaka vidole vimeninata. Nimeisoma mara moja kwa ajili yangu na mara tatu kwa ajili ya babu, kwa kuwa miwani yake imevunjika mkono na hataki kununua mwingine. Kuhusu kahawa ya kitandani alikohoa tu. Nilipofika kwenye habari za dirisha akaniambia nirudie. Kisha akatoka, akapanda mnarani na kifua chake kile kibovu, akakaa huko hadi supu ikapoa.

Aliporudi alisema hataki jina lake liandikwe. Anataka la baba yake. Yeye anasema alichanganya chokaa tu na kubeba maji, kazi ambayo punda angeifanya kama angekuwa na mikono. Aliyechonga ni Vendel.

Nilidhani naijua hadithi hii yote, lakini safari hii aliisimulia toka mwanzo, basi nakuandikia umpe shemeji. Mwaka 1911 mwenye kasri alialikwa kwa jirani yake, akaonyeshwa dirisha la zamani za wafalme, akarudi nyumbani amenuna kama mtoto aliyenyimwa keki. Akamwita Vendel. Akamwambia, "Nitengenezee dirisha la miaka mia sita. Nalitaka kabla ya mavuno." Vendel alichonga majira yote ya kuchipua: matao mawili yenye ncha, na lile ua la mawe lenye petali tatu juu yake. Alipomaliza alilipaka masizi na maziwa yaliyoganda, akaliachia mvua. Wageni walilisifu wakavua kofia. Baada ya majira mawili ya baridi mke wa bwana akasema upepo unampiga shingoni, likazibwa kwa matofali na kupigwa lipu. Mwaka uliofuata vita, na Vendel akaenda asirudi. Hata mahali alipofukiwa hawakutuambia.

Babu alisema hivi, nakuandikia maneno yake: "Hana kaburi, Rozál. Ana dirisha." Kisha akaomba supu yake ipashwe moto.

Nilimwuliza kwa nini hakusema Novemba, shemeji alipokuwa anaondoa matofali mbele yake. Akanijibu hakuna aliyemwuliza. Mabwana wasomi, anasema, huuliza ukuta.

Kitu kimoja kinanikwaruza. Gazeti la mkoa la Jumapili limeandika tena kwamba ni dirisha la miaka mia sita, na picha ya shemeji yako mbele yake (samahani, ya shemeji yangu, bado sijazoea). Nadhani gazeti limechelewa kupata habari. Niambie kama ni hivyo.

Wanafunzi wa udereva wa trekta wanaosomea hapa kasrini wanakusalimu. Wanalalamika tangu uondoke hakuna wa kumchungulia dirishani, wamebaki na mimi, na mimi nina mwiko.

Dada yako,
Rozál


Budapest, 30 Machi 1964, Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu mpenzi,

nanukia kama duka zima la manukato. Ottó aliamka kabla yangu, akasimama mlangoni amevaa suti, akanisomea shairi la Pasaka la kumwagia wanawake maji alilolitunga mwenyewe, kisha akanimwagia kolonya kichwani, shingoni, mpaka kwenye pazia. Hakutaka kuniacha ninyauke, anasema. Baadaye walikuja wafanyakazi wenzake wanne na kila mmoja akanimwagia yake, na sasa paka wa mama mjane wananikimbia. Nimewapa mayai mekundu na keki ya mbegu za mpopi kama ile ya kwako, ila yangu ilipasuka katikati. Ottó alisema imepasuka vizuri.

Kuhusu gazeti: nimemwuliza, usiwe na wasiwasi. Anasema mambo ya kitaalamu yana hatua zake, huwezi kusema leo hivi na kesho vile kama mtu anayeuza matango. Kwanza anawasilisha ripoti ya kwanza, kisha nyongeza, na kwenye nyongeza ndimo babu atakamoingia. Na mzee Vendel pia, nimemwambia habari yake yote. Alinisikiliza kwa makini sana, akawa ananiuliza vitu vidogo vidogo: je, babu alikuwa akicheka akisimulia? Je, aliwahi kusema wasomi ni wajinga? Nikamwambia babu huwacheka wote, wasomi na mapadri na madaktari wa mifugo, na tukacheka sote.

Jana baada ya chakula kulikuwa na karatasi za kuomba nyumba. Vyumba viwili, dada, na bafu letu wenyewe! Alizipanga mezani kwenye makombo ya nyama ya Pasaka, moja juu ya nyingine, akaniwekea kidole mahali pa kutia sahihi. Nilitia ya kwanza, nikatia ya pili, ya tatu nikaipa mkia wa urefu wa treni, na akakibusu kidole changu kilichochafuka wino. Nilitamani ziwe mia.

Mwambie babu avumilie kidogo. Na anunue miwani.

Lenke wako mwenye furaha


Galambkő, 3 Mei 1964

Lenke,

sijui kama mumeo amekwisha kukusimulia ya Alhamisi. Kama amekusimulia, linganisha na haya yangu.

Walikuja kwa magari mawili. Profesa kutoka huko kwenu ni mwanamke mfupi, wa umri wa mama yetu kama angekuwa hai, na viatu vya matope. Mumeo alitangulia akieleza. Wakapanda mnarani, na babu akapanda nyuma yao. Alivaa suti nyeusi. Niliipiga pasi mwenyewe, kwa sababu uliandika ataitwa, na alipoona magari akajua ndiyo siku yake.

Profesa alikwenda moja kwa moja dirishani. Alitoa kisu mfukoni, akachokoa katikati ya mawe mawili, akaiweka ile chenga kiganjani na kuisugua kwa kidole gumba. Akasema, "Hii ina saruji." Hakupaza sauti. Akamwuliza mumeo kama miaka mia sita iliyopita kulikuwa na viwanda vya saruji. Wengine walitazama sakafu. Kisha akauliza kama kijijini yupo fundi mwashi mzee, na babu akavua kofia na kusogea mbele.

Alisimulia yote, Lenke. Kwa furaha. Habari ya mwenye kasri aliyenuna, ya maziwa na masizi, jina la Vendel alilitaja mara mbili ili waandike sawasawa. Profesa alitabasamu. Ndipo mumeo akasema, "Mzee huyu ndiye aliyenihakikishia kuwa ni la kale. Amenidanganya tangu siku ya kwanza."

Babu alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia, "Lakini mjukuu wangu alikueleza, mwanangu." Na mumeo akasema, akiwa amemtazama profesa na si babu, "Hakuna aliyenieleza kitu."

Sasa kuna kamati. Inakaa hapa ukumbini tarehe 28 mwezi huu. Wakiamua kwamba babu aliwadanganya watafiti wa serikali kwa makusudi, atavuliwa kazi ya ulinzi wa kasri, na nyumba ya lango inakwenda na kazi. Ameishi humu miaka arobaini na moja. Lakini si hilo linalomnyima usingizi. Anasema hajawahi kumjengea mtu uongo ila ule mmoja, na ule aliagizwa na kulipwa baba yake, na sasa jina la Vendel litaandikwa kwenye karatasi yao kama jina la tapeli.

Haihitaji mengi. Iandikie kamati barua moja: kwamba ulimwambia mumeo Februari. Mistari mitatu inatosha. Nakuomba.

Rozál


Budapest, 9 Mei 1964

Dada,

nimelia siku mbili, kwa hiyo usidhani sikujali. Lakini nimezungumza na Ottó, na mambo si kama yalivyoonekana kutoka pale ulipokuwa umesimama.

Alishikwa na mshtuko. Fikiria mtu amefanya kazi miaka miwili, na mbele ya wakubwa wake wote mtu anamtolea kisu mfukoni. Maneno yalimtoka. Anasema alipoyasikia yakimtoka alitaka kuyarudisha. Anamheshimu babu kama baba yake mzazi. Ameniahidi, dada, ameniahidi akinishika mikono yote miwili, kwamba kwenye kamati atalimaliza mwenyewe kwa upole, babu atapewa onyo la maneno tu, na nyumba haitaguswa.

Nikiandika mimi sasa, anasema, nitakuwa nimemwita mume wangu mwongo mbele ya watu wanaoamua mkate wetu. Udaktari utakufa, nyumba ya vyumba viwili itakufa, na babu hatafaidika kitu kwa sababu yeye Ottó hatakuwa tena na sauti ya kumtetea. Naliona jambo hilo lina mantiki. Ukiwa na mume utaona jinsi mambo yanavyokuwa na pande.

Hanitengenezei kahawa siku hizi, anatoka mapema mno. Lakini usiku hunishika mkono mpaka apitiwe na usingizi. Mtu mwenye hila hawezi kushika mkono namna ile, Rozál. Ungemwona akilala ungenielewa.

Mwambie babu nampenda. Mwambie atulie, Ottó analishughulikia.

Lenke


Galambkő, 16 Mei 1964

Kwa Verebes Ottóné, Budapest

Bibi,

jana alikuja karani wa kamati kumsomea babu ushahidi utakaotumika. Kwa adabu alimwachia nakala. Nakunakilia, ingawa huna haja nayo:

"Mimi, Verebes Ottóné, mjukuu wa fundi mwashi Takó Ignác, nathibitisha kwamba babu yangu amekuwa akijisifu kwa miaka mingi mbele ya familia kuwa amelificha dirisha la uongo ukutani ili siku moja awacheke wasomi. Mume wangu hakujulishwa jambo hili. Mimi mwenyewe nilimficha kwa kumwogopa babu yangu. 29 Machi 1964."

Kwa kumwogopa. Huyu aliyekubeba mabegani kuvuka handaki ili usichafue viatu vya kwenda shule.

Babu aliishika karatasi ya asili karibu na dirisha, akaitazama sahihi muda mrefu kupitia kioo kimoja cha miwani. Karani akamwuliza kama anaitambua. Akasema, "Mkia huu ni wake." Kisha akamshukuru karani na kumtilia pombe ya pálinka. Alipoondoka nilisema niliyoyasema, na sitayaandika. Babu alininyamazisha. Alisema, "Mwache. Ana miezi mitatu tu ya ndoa." Kama vile ni ugonjwa.

Nimeanza kufunga vyombo. Sitaki unijibu. Babu ameomba nafasi chini ya ukurasa, nami nampa.

Takó Rozál

Lenke. Dada yako ana hasira, usimjali. Mimi naandika kwa penseli, samahani. Sikuulizi kwa nini. Nataka kujua kitu kimoja. Uliisoma kabla ya kutia sahihi au hukuisoma? Kama uliisoma nitanyamaza, wala sitakusema kwa mtu. Kama hukuisoma nijulishe, maana nimelifikiria hilo tangu jana na mikono haifanyi kazi. Hapa cherry zimeanza kuiva upande wa jua. Babu yako Ignác.


Budapest, 20 Mei 1964

Babu, na dada Rozál, maana najua utasoma ingawa umesema hutaki,

sikuisoma.

Naandika neno hilo kwanza, babu, ili usiwe na haja ya kulitafuta chini. Nilidhani ni ya kuomba nyumba. Kulikuwa na karatasi tatu mezani na mimi nilikuwa naangalia jinsi sahihi yangu inavyopendeza. Nilitia sahihi kama mtoto anayepewa chaki.

Lakini ile barua ya tarehe tisa, dada, ile ya kukuambia mambo yana pande, ile niliisoma. Niliiandika mara mbili ili mwandiko uwe mzuri. Uliniomba mistari mitatu ya kweli, nikakuletea ukurasa mzima wa mambo ya mume wangu. Kwa hiyo msinisamehe yote kwa sababu ya neno moja pale juu.

Jana nilimngoja Ottó jikoni. Niliweka barua yenu mezani nikamwambia asome. Alisoma amesimama, na koti mwilini. Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alivua koti, akalitundika vizuri, akasema ilikuwa lazima awe na karatasi kama hiyo kabatini, kwa tahadhari, kwani babu angeweza kusema siku yoyote. Nikamwambia kwamba nilipomsimulia Februari aliahidi kuliandika jina lake. Akasema, "Ungependa ningekujibu nini siku ya tatu ya harusi?"

Basi nikamwuliza alijua tangu lini. Sijui kwa nini niliuliza hivyo, babu, midomo iliuliza yenyewe. Alijibu kama mtu anayemjibu mwanafunzi. "Tangu Novemba. Saruji inaonekana, Lenke. Mtoto angeiona." Aliijua tangu tofali la kwanza. Alishaandika kwa wakubwa wake, na picha ilishapigwa, na hakutaka kurudi nyuma. Alijua pia kwamba fundi mmoja tu mzee yuko hai kijijini, na kwamba fundi huyo ana wajukuu wawili.

Aliniposa tarehe tano Desemba. Bila shaka mnakumbuka, nyote mlikuwepo, alileta chokoleti kwenye kiatu kama tunavyowawekea watoto usiku huo. Nilimwuliza kuhusu tarehe hiyo. Akasema hilo ni jambo jingine kabisa, kwamba alinipenda pia. Alisema "pia". Nimelala usiku kucha na neno hilo ubavuni badala yake. Huenda ni kweli. Siwezi tena kujua, na nadhani hata yeye hajui, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama angesema hapana.

Nilimwomba aende kwa kamati mwenyewe. Nilimwomba vizuri, Rozál, ungeniona ungenizaba kibao. Nilimwambia nitafua nguo za watu, nitakaa na tramu na paka maisha yangu yote, sitaki bafu. Akaniambia, "Babu yako ana miaka sabini. Mimi nina ishirini na tisa. Kati yetu ni nani mwenye haja ya jina?" Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayepima, upande huu na upande ule, na kuandika namba.

Nikamwambia kuhusu Vendel, kwamba hana kaburi. Akasema, "Nalijua hilo, uliniambia wewe."

Leo asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya profesa. Nilikaa kwenye benchi kwa saa mbili na nusu nikiwa na lile koti la harusi, kwa kuwa sina jingine la heshima. Alinisikiliza bila kuandika. Aliniuliza kama naelewa kwamba nikisema mbele ya kamati kuwa niliitia sahihi bila kusoma, nitaonekana mpumbavu, na nikisema kuwa nilimwambia mume wangu Februari, atafukuzwa. Nikasema naelewa. Akaniuliza kama nampenda. Nikasema ndiyo. Alivua miwani, akaifuta, akasema hawezi kuipokea barua yangu, kwa sababu sahihi yangu tayari wanayo na wakipata ya pili watasema familia imenilazimisha. Ni lazima nije nisimame mwenyewe niseme kwa mdomo, huku wakinitazama. Kisha akasema jambo ambalo nataka babu alisikie. Alisema dirisha lile si la kale, lakini kwa maisha yake yote hajaona ua la mawe lililochongwa vizuri namna ile na mtu wa kijijini, na kwamba hatalivunja. Akaniomba nimwandikie jina la aliyelichonga. Nilimwandikia kwa herufi kubwa: TAKÓ VENDEL. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwake, si kwenye faili. Sijui itafika wapi. Sikuahidiwa kitu, na safari hii nimefurahi kwamba sikuahidiwa.

Nilipomwambia Ottó jioni hii kwamba nakuja huko, hakupaza sauti. Aliuliza tu kama nimefikiria nitaishi wapi. Sasa amelala, na mkono wake uko pale ulipokuwa mkono wangu. Nauangalia nikiwa mezani. Ningependa kuandika kwamba nauchukia.

Dada, usifungue tena vyombo kwa ajili yangu wala usinipangie kitanda. Kamati ikiamua vibaya nitasaidia kubeba, na ikiamua vizuri nitasaidia kurudisha rafuni, na baada ya hapo mtaniambia kama naweza kukaa au nitafute kazi mjini. Kama mlango hutaki kunifungulia, nitamngoja babu kwenye ngazi za ukumbi, nitapanda naye, na nitasema nilichokuja kusema hata kama wewe umenigeuzia mgongo.

Babu, kula cherry, usiwaachie ndege zote. Ukumbini uketi karibu na mlango, upepo wa kule mbele ni mbaya kwa kifua. Mimi nitasimama popote watakaponiambia nisimame.

Nakuja kabla ya mwezi huu kwisha: Jumatano tarehe ishirini na saba, kwa treni ya mchana.

Lenke